Kwa Nini Aliyekufa ni Williams?

Waliokulia kwenye mabanda ya video wanaijua sheria: steringi hafi. Katika Enter the Dragon ya 1973 steringi ni Bruce Lee, hilo halina ubishi, ingawa mwenyewe alifariki Hong Kong Julai 20 mwaka huohuo, wiki chache kabla filamu haijaanza kuonyeshwa Marekani. Ila wanaokwenda kisiwani kwa Han, mhalifu tajiri anayeandaa mashindano ya mapigano, ni watatu, na anayenisumbua mimi ni yule wa tatu.

Williams, anayechezwa na Jim Kelly, bingwa wa kweli wa karate, anatoka mazoezini Los Angeles usiku. Polisi wawili wa Kizungu wanamsimamisha bila kosa lolote na kumdhalilisha. Anawachapa, anaondoka na gari lao. Mwenzake Roper, Mzungu anayechezwa na John Saxon, naye ana watu wanaomfuata, lakini wanamdai pesa za kamari. Mmoja anakimbia madeni aliyojitakia, mwingine anakimbia rangi ya ngozi yake. Hollywood ya wakati ule kuonyesha tofauti hiyo waziwazi halikuwa jambo dogo.

Wakifika Hong Kong, Williams anatazama mashua za maskini wanaoishi majini na kusema mitaa ya mafukara inafanana dunia nzima: inanuka. Kwangu hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote humo, kuliko falsafa zote za mwanzoni. Mmarekani mweusi anawatazama Wachina maskini na kujiona yeye. Halafu filamu inafanya nini na mtu mwenye macho hayo? Inamuua. Han anamtuhumu kuwapiga walinzi, kazi aliyoifanya Lee akipeleleza usiku, na Williams hataji mtu. Anakufa kwa kosa la mwingine, kisha mwili wake unaning'inizwa ili Roper autazame na kutishika. Roper, mcheza kamari, anabaki hai hadi mwisho.

Kabla ya hapo kuna ile usiku ya kuchagua wanawake. Roper anamchukua Tania, Mzungu mwenzake. Lee anamwita Mei Ling kwa ajili ya kazi ya upelelezi tu, hamgusi. Williams anachagua wanne, na kuomba radhi kwa uchovu! Ukumbi mzima hucheka, nami hucheka, lakini angalia mgawanyo: mweusi kapewa tamaa, Mchina kapewa utawa, Mzungu kawa mtu wa kawaida.

Wanawake wenyewe ndiyo usiseme. Angela Mao alikuwa nyota kamili wa sinema za Hong Kong, anapiga mateke ya kuaminika kabisa, lakini hapa anapewa dakika chache za kupigana kama Su Lin, kisha anajiua ili asibakwe na genge la Oharra, mlinzi wa Han. Kifo chake kazi yake ni kumpa kaka yake, Lee, sababu ya kulipiza kisasi.

Siichukii filamu hii, nitaiangalia tena. Lee kumfanya Mchina awe shujaa mkuu ndani ya filamu ya Warner Bros. kulifungua mlango, na mmoja wa waliopita hapo ni Kelly mwenyewe. Mwaka 1974 mwongozaji yuleyule, Robert Clouse, alimpa Black Belt Jones. Kama filamu, haifikii ile ya kwanza hata robo, mapigano mengine ni vichekesho. Ila humo Kelly ndiye steringi, na hafi.