Manyanga Yalivyofika Mpanda

Mimi ngoma kupiga sijui. Naanza na hilo ili tusije kusumbuana mbele. Kucheza najua kwa kiwango cha harusini, pilau ikishashuka na taa za ukumbi zikiwa hafifu. Ila kushabikia! Hapo Tabora nzima nipisheni. Nimefuata ngoma Isevya, nimefuata Ipuli, na kuna siku niliacha kikao cha mahari ya dada yangu wa tumbo moja kwa sababu nilisikia ngoma ya hiari ya moyo inalia upande wa Cheyo. Niliporudi walishakubaliana, na bei ilikuwa imeshuka. Shemeji hadi leo ananiheshimu sana.

Ugonjwa huu ni wa kurithi. Baba alikuwa mtu wa Tabora Jazz, wale wana Segere Matata, na jirani yetu alikuwa wa Nyanyembe Jazz. Kila jioni redio mbili zilikuwa zinatukanana juu ya ua. Mimi nikaruka bendi zote mbili nikaangukia kwenye manyanga, ngoma yetu ya Kinyamwezi, na humo sijatoka.

Kwa asiyejua, manyanga ni vile vibuyu vya kutikisa, na ngoma imechukua jina lake humo. Kikundi ninachokifuata kinaongozwa na mzee tunayemwita Babu. Vibuyu vyake amevitengeneza mwenyewe, kumi na viwili. Shingo ya kila kimoja imezungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili kisiteleze mkononi, na ndani ametia mbegu kavu, anazozichagua moja moja huku akizitikisa sikioni kama mtu anayenunua mayai. Ukimuuliza kwa nini asitie kokoto, atakutazama kama umemtukania mama.

Basi, wakaalikwa harusini Ujiji, kule Kigoma. Nikajitolea kwenda nao kwa nauli yangu, kazi yangu iwe kubeba. Babu alitafakari siku mbili nzima. Ngoma kubwa akasema atabeba mwenyewe, maana ngozi ya ngoma haitaki mkono wa mgeni. Mimi akanikabidhi vibuyu kumi na viwili, ndani ya kiroba, vimetandikiwa nyasi na kanga kuukuu.

"Mwanangu," akaniambia, "hivi visipofika, na wewe usifike."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Usiku ule stesheni ya Tabora ilikuwa imefurika. Pale ndipo reli inapogawa watu, wa Mwanza, wa Kigoma na wa Mpanda, kwa hiyo mabehewa yalikuwa yanasukumwa huku na kule, na mimi niliambiwa neno moja tu: behewa la tatu. Ningelifika. Ila nikiwa kwenye msongamano kiroba kikalia, chaka, na sauti nyuma yangu ikasema, "Hayo ni manyanga. Tena mmetia kokoto."

Nikageuka. Bwana wa makamo, kofia ya barakashea, begi moja.

"Kokoto?" nikamwambia. "Kaka, sikia vizuri." Nikatikisa.

"Kokoto hizo."

Jamani, kuna matusi mtu anaweza kuyameza na mengine hawezi. Nikaanza kumweleza. Yeye akaanza kunieleza, kwamba mbegu zinaoza, zinaliwa na wadudu, kokoto ni ya milele. Mimi nikasema kokoto inapiga kelele lakini haisemi. Tukaenda tunabishana, tukapanda tunabishana, tukahesabu behewa la tatu tukakaa, nikafungua kiroba nikamtolea kibuyu kimoja atie sikio. Ubishi ulikuwa mtamu kiasi kwamba sikumbuki hata treni ilipoondoka. Nakumbuka nilimshinda, au alilala. Nami nikalala.

Simu ilinizindua. Mmoja wa vijana wa kikundi.

"Uko wapi wewe?"

"Behewa la tatu."

"Sisi ndio tuko behewa la tatu."

Nikatazama kushoto na kulia. "Mimi siwaoni."

"Na sisi hatukuoni. Nje unaona nini?"

"Giza."

"Hata sisi giza." Akawageukia wenzake, nikamsikia akisema, "Yupo, naye anaona giza." Wote wakaridhika. Kisha akarudi. "Ndiyo tunaingia Kaliua hivi."

"Kaliua? Mimi ndiyo kwanza nasikia watu wanateremka Urambo."

Kimya. Nikamsaidia kufikiri. Nikamwambia labda mabehewa ya mbele yamekatika, yamekimbia na kichwa, sisi tumebaki nyuma tunaserereka. Akasema atauliza. Mtandao ukakatika.

Mtu mwenye akili angemuuliza jirani. Mimi nikabeba kiroba nikaanza kuwatafuta, behewa kwa behewa, usiku wa manane. Chaka, chaka, chaka. Nikipita, watu wanaamka. Wengine wanavuta shuka. Mama mmoja alimhamisha mwanawe kutoka kwenye kiti cha njiani akamweka dirishani. Sikuelewa mpaka kijana mmoja aliponishika shati, akanong'ona kwa adabu zote, "Shikamoo mganga. Mimi nina shida ya simu. Iliibiwa Jumanne."

Nikamwambia mimi si mganga, ni shabiki tu. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ni kubwa. "Basi nikupatie cha mkononi, mganga." Akatoa buku mbili. Nikazikataa. Akatoa ya tatu.

Katika heka heka hizo treni ikasimama, ikakaa, ikaondoka. Ilikuwa Kaliua. Nimekuja kujua baadaye kwamba Kaliua ndipo njia inapochepuka: ya Kigoma inaendelea kwa Nguruka na Uvinza, nyingine inakata kusini kuelekea Mpanda. Nimekulia Tabora, reli nimeisikia tangu utotoni, na hilo nilijifunza wakati siwezi tena kuteremka.

Mkaguzi wa tiketi akanikuta mlangoni na kiroba changu. Akamulika tiketi, akanimulika mimi, akarudi kwenye tiketi.

"Hii ya Kigoma."

"Ndiyo, Kigoma."

"Mzee wangu, hii inakwenda Mpanda."

Behewa zima lilisikia. Yule mama aliyehamisha mtoto akatoa kichwa kwenye kanga. "He! Mganga gani asiyejua treni aliyopanda?"

Kicheko kilianzia pale kikaenda hadi behewa la mwisho, na kila kituo walipopanda wapya wakasimuliwa upya. Aliyecheka kuliko wote ni bwana wa kokoto. Yeye ndiye alikuwa anakwenda Mpanda. Nyumbani kwake.

Na mimi nililala kwake siku mbili nikingoja treni ya kurudi, maana pesa ya basi sikuwa nayo. Mkewe alinipikia ugali kwa maharage, akaniita shemeji, akaniomba nitikise kidogo watoto wasikie. Nikatikisa. Mtoto mdogo akalia. Nikiwa nimekaa barazani pale nilimkumbuka Shem Karenga, aliyetunga "Maggie". Yule alitoka Kigoma akaifikia Tabora Jazz. Mimi kutoka Tabora kuifikia Kigoma nimeshindwa.

Babu alipiga simu siku ya pili. Nilisimama kabla ya kupokea.

"Shikamoo Babu. Vibuyu vizima vyote."

"Marahaba. Sisi tumeshacheza."

"Kwa nini, Babu? Yaani, kwa vipi?"

Akaguna. Vijana wameokota makopo ya maziwa jikoni kwa wenye harusi, wametoboa, wametia mpini. Ndani?

Nikasikia amenyamaza muda mrefu sana kwa gharama ya vocha yake.

"Tulikwenda ufukweni," akasema hatimaye. "Tukachota kokoto."

Watu wa Ujiji wametunza, wamesimama juu ya viti, bibi harusi amecheza mpaka kilemba kimedondoka. Wamealikwa tena. Na mwenye harusi ameomba waende na makopo yale yale.

Nilipokata simu, mwenyeji wangu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, anapukuchua mahindi, hajanitazama. Sikumwambia kitu. Lakini simu yangu ina sauti kubwa, nayo inasikika hata isipowekwa spika.

Kila Idi ananipigia. Hasalimii. Anauliza tu, "Kokoto hazijambo?"