Wajinga ndio waliwao? Acheni hizo

Mjomba wangu ana methali moja anayoipenda kama mwanawe wa kuzaa. Juzi aliitoa mezani, mbele ya watu kumi na moja, mdogo wangu akiwa na kijiko mkononi: "Wajinga ndio waliwao." Akacheka. Wengine nao wakacheka, kile kicheko cha watu wanaongoja mkubwa aanze. Mdogo wangu akatabasamu, akaweka kijiko, akauliza kama anaweza kuondoka mezani.

Ana miaka thelathini na minne. Aliomba ruhusa ya kuondoka mezani.

Sikusema kitu siku ile. Mjomba ni mjomba. Lakini hapa hakuna wa kunikanyaga mguu chini ya meza, kwa hiyo leo nasema.

Mdogo wangu (ni mtoto wa mama mdogo, ila tumelala kitanda kimoja hadi tukawa wakubwa) alikaa miaka sita kwenye kundi la mtu nitakayemwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo walivyomwita. Kundi lenyewe silitaji. Tangu arudi, kila anayekuja kumsalimia anamuuliza swali lile lile: "Sasa kwa nini hukuondoka?" Wanaliuliza kwa sauti ya huruma, wameinamisha na kichwa kidogo. Likune swali hilo utakuta methali ya mjomba iko chini yake. Mwulizaji hatafuti jibu, anajihakikishia kwamba yeye asingenaswa.

Haya. Ikuo Hayashi alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa moyo. Tarehe 20 Machi 1995 alipanda treni ya chini ya ardhi jijini Tokyo akiwa na mifuko ya sumu ya sarini, akatoboa mmoja kwa ncha ya mwavuli, kwa sababu kiongozi wa Aum Shinrikyo, kundi la kidini la Kijapani, alitaka hivyo. Mtu aliyesomea kuokoa mioyo ya watu. Huyo naye tumwingize kwenye methali? Na Jim Jones, mhubiri wa Marekani, mnadhani watu walimfuata akiwa amesimama kando ya pipa la sumu? Walimfuata katika Indianapolis ya miaka ya 1950, wakati weusi na weupe hawakuketi pamoja kanisani, na kwake waliketi benchi moja. Walimfuata kwa sababu kundi lake lililisha wenye njaa na kutunza wazee. Mwaka 1976 meya wa San Francisco alimpa kiti kwenye mamlaka ya nyumba ya jiji, na wanasiasa walikuwa wakipanga foleni kupiga naye picha. Pipa lilikuja mwisho, Novemba 18, 1978, huko Guyana, na watu zaidi ya 900 wakafa. Zaidi ya 300 kati yao walikuwa watoto. Mjomba atuambie na hao watoto walikuwa wajinga wa namna gani.

Hakuna mtu anayejiunga na kundi la namna hii. Nalisema kwa hasira kwa sababu naona halieleweki. Mtu hujiunga na semina. Hujiunga na kwaya, na darasa la jioni, na watu wachangamfu waliokumbuka jina lake. Mdogo wangu alipoteza kazi na mchumba ndani ya mwezi mmoja, akaalikwa semina ya siku mbili ya "kujipanga upya". Kesho yake asubuhi watu watatu walimpigia simu kumuuliza ameamkaje. Mimi, dada yake, nilimpigia baada ya siku tisa. Nimehesabu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa hatua ndogondogo, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Kwanza alipewa daftari. Kila jioni aandike shaka zote zilizompitia kichwani mchana, apate kuwa mwepesi. Vizuri tu, nani asiyeandika? Kisha daftari likawa linakabidhiwa. Kisha likawa linasomwa mbele ya wenzake, kwa upendo, eti. Kisha ikawa saa kumi alfajiri wanaamshwa kusikiliza, na saa sita usiku bado wanahudumu, mpaka usingizi wenyewe ukawa kitu cha kuombewa kibali. Hakuna siku hata moja aliyoombwa kitu kikubwa. Kila siku aliombwa kitu kidogo kilichopita cha jana kwa unywele. Umeshakubali cha jana, utakataaje cha leo bila kukiri kwamba jana ulikosea? Na juzi? Na mwaka juzi, ulipomkopa mama fedha ukampelekea Mwalimu?

Hilo ndilo kufuli. Watu wanadhani ni mnyororo, au dawa, au macho ya ajabu ya kiongozi. (Nimeuona uso wa Mwalimu kwenye picha. Ana sura ya mtu wa kukutengenezea photokopi.) Kufuli ni gharama. Kadiri alivyolipa zaidi ndivyo kuondoka kulivyokuwa ghali, maana siku ya kuondoka ndiyo siku ya kuisoma bili yote kwa mpigo.

Halafu kuna maneno. Kwao, mtu anayeuliza swali aliitwa "mzito". Mama yako analia kwenye simu? Mzito. Dada yako ameleta makala ya gazeti? Mzito, tena mzito sana. Robert Jay Lifton, daktari wa akili wa Marekani aliyewahoji watu waliotoka kwenye magereza ya China miaka ya 1950, alikiona kitu hicho hicho: neno fupi, linalokaririka, ambalo likishatamkwa fikra inafunga duka. Nilibishana na mdogo wangu miaka miwili mizima, nina hoja, nina ushahidi, nina na faili. Nikawa ninampa Mwalimu kazi rahisi tu. Kila nilipofungua mdomo nilithibitisha uzito wangu.

Vitisho na mapenzi vya kupokezana navyo vilikuwepo, leo unakumbatiwa, kesho unatengwa. Aliyewahi kuishi na mwenza katili anajua, sihitaji kueleza.

Ndiyo, najua mtakachosema. Na yeye aliwaumiza watu. Ni kweli. Aliwaleta marafiki wawili, mmoja bado yuko huko. Fedha za mama mdogo hazijarudi. Sitaki kumpaka asali. Lakini mtu anaweza kuwa ameliwa na wakati huo huo ameshika sahani ya mlaji, ndivyo makundi haya yalivyotengenezwa, kila aliyenaswa anapewa kamba ya kumnasa mwingine ili naye awe na cha kuficha.

Sasa alitokaje? Kwa jino.

Jino la nyuma lilimuuma miezi miwili. Akaambiwa ni shaka imeota mzizi, aandike zaidi kwenye daftari. Akaandika, taya imevimba. Wiki hizo alikuwa zamu ya kufua nguo za Mwalimu, na kwenye mfuko wa koti akakuta kadi ya miadi ya daktari wa meno. Mihuri mitatu. Mwalimu alikuwa anakwenda kwa daktari wa meno kama watu wote duniani.

Mngependa niseme aliondoka usiku huo. Kwenye sinema angeondoka. Mdogo wangu aliikunja ile kadi, akairudisha mfukoni, akaning'iniza koti, akakaa miezi saba zaidi. Alijieleza mwenyewe kwamba Mwalimu anabeba maumivu yao, ndiyo maana meno yake nayo yanaugua. Alitunga utetezi huo peke yake, hakuna aliyemsaidia. Ananisimulia anacheka, halafu anaacha kucheka.

Kilichomtoa ni sentensi moja. Anaosha masufuria na mama mmoja mtu mzima, hawaruhusiwi kuzungumza, na yule mama akasema, bila kugeuza kichwa, "Hata mimi linaniuma." Basi. Hawakuongeza neno. Anasema masikio yalimlia kama mtu aliyeshuka mlima ghafla.

Kuna majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950 yanayofundishwa kila mahali. Unawekwa chumbani na watu waliokwisha kupangwa, mnaonyeshwa mistari, wote wanasema kwa kujiamini kwamba mstari mfupi ni sawa na mrefu. Theluthi hivi ya majibu ya watu wasiojua mchezo yalifuata kundi. Walimu wa shule huishia hapo, wakatikisa vichwa kuhusu binadamu. Sehemu tamu ni inayofuata: alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kukaporomoka. Mmoja tu, wala halazimiki kuwa shujaa au kuhutubia. Mwenye jino bovu anatosha.

Ndiyo maana hao viongozi hawaogopi polisi kama wanavyoogopa minong'ono. Kule Jonestown, kijiji cha Jim Jones huko Guyana, mfuasi mmoja alijaribu kumpenyezea mgeni kikaratasi, akidhani ndiye Leo Ryan, mbunge wa Marekani aliyekuja kukagua, kumbe ni mwandishi wa habari. Kilikuwa na majina mawili na ombi la kusaidiwa kutoka. Kikaanguka. Mtoto akakiona, akapiga kelele kwamba kuna mtu amepitisha karatasi. Mtoto! Na asubuhi ya siku ile ya mwisho watu 11, watoto wakiwemo, waliingia msituni wakisema wanakwenda pikiniki, mama mmoja amembeba mwanawe mgongoni, wakatembea wakapona. Wakati hotuba ya mwisho inaanza walikuwa wameshaondoka. Walipona kwa sababu waliweza kuaminiana, watu 11, mahali ambapo watoto walifundishwa kuchongea.

Na wakitoka tunawapokeaje? Shakahola, Kenya, 2023, wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa; miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni, waliookolewa baadhi wakaendelea kukataa chakula. Mwezi Juni 65 kati yao wakafikishwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kujiua. Soma tena hiyo sentensi. Mtu amefundishwa kwamba kula ni kupotea, ameokolewa hana nguvu za kusimama, na jibu letu la kwanza ni kizimba. Methali ya mjomba imevaa joho, si kingine.

Kwa sababu kutoka getini ni jambo moja na kutoka kabisa ni jingine. Wiki ya kwanza nyumbani kwangu nilimkuta mdogo wangu amesimama mbele ya friji, mkono umening'inia. Sijui alisimama muda gani. Nikamwambia "fungua tu, dada." Akafungua upesi. Nikajisikia mjanja, mpaka usiku nilipogundua nilichofanya: nimempa kibali. Siku hizi nikimkuta hapo napita zangu, nakwenda kukaa sebuleni na kujifanya nasoma. Mara nyingine hufungua. Mara nyingine hurudi chumbani na kiu yake, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kubishana miaka miwili.

Nimebakiza jambo moja, na nilikuwa natamani nisiliandike kwa sababu linaniharibia hasira.

Usiku alipotoka hakuwa na simu. Aliazima ya mlinzi wa ghala moja barabarani. Namba yangu nimebadilisha mara tatu, namba ya mama yake hakuijua. Namba pekee aliyoikumbuka kwa kichwa ni ile tuliyofundishwa tukiwa wadogo, tupige tukipotea. Ya mjomba. Hajaibadilisha miaka yote hiyo. Aliipokea kabla haijalia mara ya pili, akasema maneno matatu tu: "Uko wapi, mama?"

Akaendesha saa tano kwenda kumchukua, mzee wa miaka sabini, usiku. Hakuuliza kwa nini hukuondoka. Alipofika alizima injini, akafungua milango miwili ya gari, akamuuliza anataka kukaa mbele au nyuma. Mdogo wangu anasema alishindwa kujibu. Miaka sita hakuna aliyemuuliza anataka nini. Alisimama pale barabarani dakika nyingi, analia, hajui. Na mjomba akasimama naye, mikono mfukoni, milango yote miwili wazi, akingoja.