Nyumba ya Jackson, Funguo za Kerr

Ubishi wetu wa mpira wa kikapu pale kijiweni Ngamiani, Tanga, haujaisha tangu 2015. Golden State Warriors, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, wakitajwa tu, unafufuka kabla kahawa haijapoa. Swali ni lilelile: kocha Steve Kerr aliijenga timu ile, au alikabidhiwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, yeye akahamia na begi lake?

Wanaomnyima sifa wana hoja nzito. Kerr alipoichukua timu Mei 2014 hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu popote. Aliwakuta Stephen Curry, Klay Thompson na Draymond Green wamo ndani. Mtangulizi wake, Mark Jackson, alipokea timu dhaifu 2011, na katika msimu wake wa mwisho ilishinda mechi 51 kati ya 82, ulinzi wake ukiwa miongoni mwa ulinzi bora wa ligi. Akafukuzwa. Msimu uliofuata Kerr akashinda 67 na kubeba ubingwa uliosubiriwa miaka 40. Sisi watu wa Tanga, ambao ubingwa wa Coastal Union wa 1988 tunausimulia mpaka leo, tunajua kungoja kulivyo. Ndiyo maana wengi hapa wanaumia aliyelima asipotajwa siku ya mavuno.

Halafu lipo la msimu wa 2015/16. Kerr alikuwa akiuguza mgongo baada ya upasuaji, akakosa mechi 43 za mwanzo. Msaidizi wake, Luke Walton, akashinda 39 na kupoteza 4, na kumbukumbu za ligi zikauandika ushindi wote ule kwa jina la Kerr. Hapo ndipo sauti hupanda kijiweni: timu ikishinda kocha akiwa nyumbani anauguza mgongo, anasifiwa kwa lipi?

Mimi naona hoja hiyo inamtetea. Timu ya Jackson ilikuwa ya mwisho NBA kwa idadi ya pasi. Mpira ulikwama kwa mtu mmoja, wanne wakatazama. Kerr hakuubomoa ulinzi alioukuta. Alichobadili ni mwendo wa mpira: Curry atoe pasi kisha akimbie, walinzi wamfuate, nafasi ipatikane kwingine. Mazoea yakishaingia miguuni hayamngoji mwalimu asimame pembeni. Walton aliyakuta yameshaingia.

Ila kilichonishawishi hasa ni suala la Andre Iguodala. Tangu aingie NBA 2004, hakuwahi kuanzia benchi hata mechi moja. Kerr akamwomba aanzie benchi msimu mzima, na mtu akakubali. Kwenye fainali ya 2015 wapinzani wao, Cleveland, wakaongoza kwa mechi 2-1, Kerr akamwondoa Andrew Bogut, mrefu wake, akamwanzisha Iguodala. Mechi hiyo ya nne kwetu ilianza saa kumi usiku, na adhana ya alfajiri ilitukuta katikati yake. Warriors wakashinda tatu mfululizo, na Iguodala akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Wazo la kumwanzisha lilitoka kwa msaidizi mdogo, Nick U'Ren, na Kerr mwenyewe alilisema hadharani. Kocha mgeni anayeweza kumkalisha nyota bila chumba kuvunjika, kisha akamsikiliza kijana wa benchi la ufundi, hakurithi tu.

Ubingwa wa 2017 na 2018 siutumii kumtetea. Kevin Durant alijiunga na timu iliyokuwa imetoka kushinda mechi 73. Kikosi kile kilikuwa kizito mno kwa ligi nzima. Na msimu wa 2019/20, Durant ameondoka, Thompson majeruhi, Curry amecheza mechi 5 tu, timu ilishinda 15 ikapoteza 50. Bila wachezaji, ufundi wa Kerr haukufika mbali.

Kwa hiyo Kerr nampa haki yake, lakini la Jackson bado linaniuma. Kerr alipobeba ubingwa wa nne 2022, akiwafunga Boston Celtics 4-2 na Curry, Thompson na Green walewale uwanjani, miaka minane ilikuwa imepita bila klabu yoyote ya NBA kumpa Jackson ukocha mkuu tena.