Kunasa seli unayoitaka au kuondoa usizozitaka?

Damu ya mtu mmoja ikigawiwa maabara mbili, zote zikatenga monosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) na kuzichochea kwa kiasi kilekile cha lipopolisakaridi (kijenzi cha ukuta wa bakteria, huitwa pia endotoksini), majibu ya TNF (protini ya uvimbe ambayo seli hizo hutoa) yanaweza kutofautiana sana. Kabla ya kulaumu kichocheo, tazama seli zilivyotengwa.

Ubishi mkubwa uko kwenye utengaji kwa sumaku. Wanaonasa seli lengwa huchukua seli milioni 10 katika mikrolita 80 za bafa (mmumunyo unaodhibiti asidi), huongeza mikrolita 20 za chembe za sumaku zenye kingamwili dhidi ya CD14 (protini iliyo juu ya monosaiti), husubiri dakika 15 kwenye baridi, kisha hupitisha seli kwenye safu (bomba dogo la kuchujia) iliyo ndani ya sumaku. Usafi kwa kawaida huzidi asilimia 90, na faida hiyo ni kubwa: monosaiti chache zikibaki kati ya seli T (aina nyingine ya seli za kinga), saitokini zake, yaani protini za mawasiliano ya seli, huhesabiwa kuwa za seli T.

Lakini CD14 ndiyo inayopokea lipopolisakaridi na kuipeleka kwa kipokezi cha TLR4. Unachunguza mlango ambao tayari umeuwekea kingamwili! Kwa CD3, sehemu ya kipokezi cha seli T, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kingamwili ikivuta vipokezi pamoja huweza kuiamsha seli T kabla jaribio halijaanza.

Wa upande wa pili hufunga kingamwili kwenye seli nyingine zote, lengwa zikapita huru. Ni ghali zaidi, na usafi hushuka damu ikilala usiku kucha, maana granulosaiti (seli nyeupe zenye chembechembe) zilizochoka hubadili msongamano na kuingia kwenye tabaka la limfosaiti na monosaiti juu ya Ficoll, kimiminika cha kutenganisha seli chenye msongamano wa 1.077 g/mL. Wala seli lengwa si kwamba hazijaguswa: zimezungushwa na kupozwa. Nyutrofili, aina ya granulosaiti, ni nyepesi kushtuka kuliko zote. Zikishtuka hupoteza CD62L na kuongeza CD11b, protini za juu ya seli. Pima alama hizo mbili kwenye damu nzima, kisha baada ya kutenga.

Kwa majaribio ya utendaji, kuondoa ndiyo njia sahihi, hata kwa gharama yake. Ukitaka DNA tu, nasa bila wasiwasi. Vyovyote iwavyo, acha kisima kimoja cha seli kwenye sahani ya maabara bila kichocheo. TNF ikipanda humo, chunguza kwanza endotoksini kwenye bafa, kisha utenganishaji wenyewe.