Afisa wa kaunti akishtakiwa, wakili wake alipwe na nani?

Katika bajeti za kaunti za Kenya, iwe Kisumu, Busia au Nakuru, kuna kifungu cha matumizi nambari 2211308. Humo huingizwa ada za mawakili, gharama za usuluhishi na fidia, vyote chungu kimoja. Mwanakandarasi aliyeishinda kaunti mahakamani hulipwa kutoka hapo. Ada ya wakili anayemtetea afisa katika kesi ya jinai ikipenyezwa humo, mwakilishi wa wadi anayepitia makadirio ataona jumla tu.

Sheria haikukusudia hivyo. Ibara ya 156 ya Katiba inamtuma Mwanasheria Mkuu aiwakilishe serikali ya kitaifa kortini, isipokuwa katika kesi za jinai. Sheria ya Ofisi ya Wakili wa Kaunti ya 2020 ilifuata mkondo uo huo. Kwenye jinai anayeshtakiwa ni mtu, si ofisi, na katika kesi za ufisadi anayedaiwa kuibiwa mara nyingi ni kaunti yenyewe. Mlipa ushuru amekwisha kumlipa kiongozi wa mashtaka. Amlipe na wa utetezi?

Hata hivyo, wapo wanaostahili kusikilizwa, nao ni wadogo. Chukua karani wa ununuzi aliyetia sahihi kumbukumbu za kufungua zabuni kwa kuwa mkubwa wake alimwambia atie. Akishtakiwa, kifungu cha 62 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 kinamsimamisha kazi kwa nusu mshahara. Wa shilingi 60,000 anabaki na 30,000, na marupurupu yake. Kesi ikiwa mahakama ya Milimani, Nairobi, karani wa Busia hulala kwenye basi kila inapotajwa, na ikiahirishwa hurudi vivyo hivyo. Wakili naye hataki ahadi, anataka malipo ya kuanzia. Karani akishinda atarudi kazini, lakini shamba lililouzwa halirudi. Wenzake waliomwona hawatakuwa wepesi tena wa kutia sahihi, hata kwenye hati halali.

Mimi naona arudishiwe gharama baada ya mahakama kumwachilia, asilipiwe mapema. Utata uko kwenye neno "kuachiliwa". Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kabla ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, anaweza kushtakiwa upya kesho, huyo asubiri. Aliyeachiliwa chini ya kifungu cha 210 cha sheria hiyo kwa kutopatikana na kesi ya kujibu, au chini ya 215 baada ya kujitetea, alipwe, tena kwa kiwango ambacho bunge la kaunti lilikiweka kabla ya kesi yoyote, si kwa ankara atakayoleta wakili.

Anayeidhinisha je? Kesi za zabuni huweza kumsimamisha karani na afisa mkuu wa fedha kizimba kimoja. Mkubwa huyo akipitisha malipo, kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere. Ibara ya 226(5) ya Katiba inamtaka aliyeidhinisha pesa za umma kinyume cha sheria aifidie hasara mwenyewe, hata akishaondoka ofisini, ila ni vigumu kumfuata mtu kwa malipo yasiyoonekana. Malipo haya yapewe nambari yake, nje ya 2211308.

Gavana ajilipie. Na shtaka lisilohusu kazi, kama la mauaji au vurugu za baa, halimo kabisa katika mpango huu.