Hadithi za vijana wa kanisani, mbona mzazi hakosei?

Jamani hebu tuseme ukweli, hivi vihadithi vya Kikristo vya vijana tunavyowanunulia watoto pale nje ya kanisa ibada ikiisha, nani anavisoma mpaka mwisho? Mpwa wangu yuko fomu tuu, nikampa kimoja, kufika ukurasa wa nne ashaniambia anko, huyu mwenye wigi ndo atakayempoteza mwenzie. Na kweli bwana. Disko, mimba, kitanda cha hospitali, mchungaji anaingia na Biblia, amina. Rafiki ndo shetani, mama ndo malaika, kila siku hivyohivyo.

Mi shida yangu iko hapo kwa mama. Vijana ninaowajua mimi presha kubwa haitoki kwa marafiki, inatoka nyumbani, tena kwa jina la Yesu. Chukua kipaimara tu. Ukumbi ushalipiwa, kadi za michango zimezunguka mpaka ofisini kwa baba, nguo iko kwa fundi, MC kashapewa advansi, halafu dogo wa miaka 14 anamnong'oneza rafiki yake kwamba mwenzangu sina uhakika kama naamini hicho ninachoenda kukiri pale mbele. Sasa huyo rafiki afanyeje, akamwambie nani? Hapo kuna hadithi, tena ya moto, ila sijakutana nayo. Au yule binti wa Kilutheri aliyeokoka kwenye feloshipu ya shule akabatizwa upya kwenye maji mengi, na baba yake ni mzee wa kanisa, likizo ikifika analianzaje hilo mezani?

Na msiniambie eti kumwonyesha mzazi akikosea ni kuwafundisha watoto ukaidi. Fungueni 1 Samweli 20. Yonathani mtoto wa mfalme, rafiki yake Daudi, na Sauli anataka Daudi auawe maana akiwa hai ufalme hautamfikia Yonathani, yaani baba mtu anajiona anampigania mwanawe kabisa (ile ile ya wazazi wetu, haya yote nafanya kwa ajili yako). Wako kwenye karamu ya mwandamo wa mwezi, kijana anauliza tu, auawe kwa nini, amefanya nini? Baba kashamtukana yeye na mama yake juu, anamtupia mkuki. Yonathani anainuka kwa hasira, chakula hagusi, asubuhi anaenda shambani kumwonya rafiki. Ila kinachonimaliza mimi ni kwamba Yonathani hakumtupa baba yake, sura ya 31 wanakufa vita moja, mlima Gilboa. Alimkatalia kwenye damu ya mtu asiye na kosa, basi, mengine akabaki mwanawe. Waandishi wetu hiyo nafasi ya katikati hawaigusi, kwao mtoto ni mtiifu au mpotevu.

Sababu naiona, wala si kukosa kipaji. Anayelipia kitabu ni mzazi, na anakifunua kwanza yeye, akikuta humo baba mlokole anayemtisha mtoto ada ya shule ili aachane na rafiki yake Mkatoliki, anakirudisha mezani. Kwa hiyo mwenye wigi anaendelea kubebeshwa lawama zote.

Siku mtu akiiandika hiyo ya kipaimara mi nanunua nakala mbili, moja ya mpwa wangu, nyingine ya dada yangu, na ya dada inatangulia.