Rammstein na albamu iliyofungiwa: mahakama iliamua nini hasa

Tarehe 16 Oktoba 2009 bendi ya metali ya Rammstein kutoka Berlin ilitoa albamu yake ya sita, Liebe ist für alle da, ikapanda hadi namba moja katika chati za Ujerumani. Mwezi mmoja haukuisha kabla albamu hiyohiyo haijaingia kwenye orodha ya kazi zinazohesabiwa kuwa hatari kwa vijana. Uamuzi wa kuiorodhesha ulipoanza kutumika Novemba, bendi ilikuwa imeshafungua ziara yake mjini Lisbon, na maonyesho ya nyumbani Ujerumani yalikuwa bado yanasubiri.

Mashabiki wanaikumbuka habari hii kama ushindi: dola ilitaka kuwaziba mdomo wasanii, mahakama ikaiumbua. Wapinzani wanaikumbuka kinyume chake. Kwao bendi tajiri iliufanya ukatili dhidi ya wanawake kuwa bidhaa, kisha ikaponea kwenye kipengele cha sheria. Nadhani kila upande umejichukulia ushindi mkubwa kuliko uliopatikana.

Hatua ya Ujerumani haikufanana na ile ya BASATA, baraza la sanaa la Tanzania, kufungia wimbo usisikike redioni wala jukwaani kwa mtu yeyote. Ofisi ya shirikisho ya kuhakiki maudhui ya vijana, iliyoanza kazi mwaka 1954 na yenye makao yake Bonn, haikuwa na uwezo wa kumzuia mtu mzima kununua. Kazi ikiorodheshwa haiuzwi kwa asiyefika miaka 18, haitangazwi, na haiwekwi dukani mahali ambapo mtoto anaweza kuiona. Ukiisoma sheria utasema si kitu. Lakini duka la kawaida la muziki halina chumba cha pembeni cha watu wazima. Mwenye duka anaona usumbufu, anarudisha mzigo. Die Ärzte, bendi ya punk ya Berlin, waliyaonja hayo mwaka 1987: nyimbo zao chache ziliorodheshwa, na wauzaji wengi wakaziondoa hata rekodi zao ambazo hazikuwa na kesi. Kwa hiyo wanaosema kwamba haikuwa marufuku wanasema kweli ya kwenye karatasi tu.

Ni haki pia kusema kwamba uamuzi wa namna hii hautoki kwa ofisa mmoja aliyeamka vibaya. Hukaa kamati ya watu 12, ndani yake wakiwamo watu wa sanaa, fasihi, uchapishaji, ualimu, ustawi wa vijana na makanisa, na lazima theluthi mbili wakubali. Ombi la kuihakiki albamu hii lilitoka Wizara ya Familia.

Ni nini kiliwakera? Mambo mawili yalibeba uzito. La kwanza ni wimbo Ich tu dir weh, yaani nakuumiza. Anayeimba anamwelezea mwenzake mateso anayomfanyia, moja baada ya jingine, hadi kwenye waya wa miba unaoingizwa sehemu za siri, huku akisisitiza kwamba anayeumizwa anafaidi. La pili ni picha katika kijitabu cha albamu: mpiga gitaa Richard Kruspe amemlaza mwanamke mapajani, mkono umeinuliwa tayari kumchapa makalioni.

Hoja ya kamati ina nguvu kuliko mashabiki wanavyokubali. Katika wimbo huo anayesema ni mmoja tu, naye ndiye mwenye kuumiza. Anayeumizwa hana hata mstari mmoja. Kwamba ameridhia, kwamba anapenda, tunaambiwa na mtesaji mwenyewe, na yeyote aliyewahi kusikiliza kesi ya kipigo cha nyumbani anajua kwamba maneno hayo ndiyo utetezi wa kwanza wa mpigaji. Mtu wa miaka 40 anaweza kuusikia wimbo akajua anasikia sauti ya mtu mgonjwa, au mchezo wa wawili waliokubaliana. Je, mvulana wa miaka 13 aliyenunuliwa albamu na shangazi yake kwa ajili ya Krismasi? Swali hilo ni halali, na jibu la kwamba ni sanaa tu halilifikii. Sheria ya Ujerumani yenyewe haichagui upande: Katiba ya 1949, ibara ya 5, inasema hakuna udhibiti wa maoni, kisha inaruhusu mipaka ya kulinda vijana, kisha inasema sanaa ni huru. Mwaka 1990 Mahakama ya Katiba ilitamka, kuhusu riwaya moja ya ngono, kwamba kazi inaweza kuwa ponografia na sanaa kwa wakati mmoja, na kwamba anayetaka kuizuia sharti apime pande zote mbili kabla ya kuamua.

Sasa nenda upande wa bendi. Tangu albamu ya kwanza ya 1995, mwimbaji Till Lindemann amekuwa akiimba kwa nafsi ya kwanza akiwa mtu asiye yeye: muuaji, mchoma moto, mla watu. Huo ndio ufundi wao mkuu, na kwenye albamu hii upo wimbo unaoutumia vizuri kupita wote, Wiener Blut. Unatokana na mkasa wa Amstetten, Austria, uliogunduliwa Aprili 2008, wa Josef Fritzl aliyemfungia binti yake chini ya nyumba kwa miaka 24. Lindemann anaimba akiwa baba, anamkaribisha msikilizaji ashuke gizani kwa sauti ya mwenyeji mkarimu. Ni wimbo wa kutisha kweli, na ukatili wake unazidi kwa mbali ule wa Ich tu dir weh. Lakini si huo uliofikisha albamu kwenye orodha.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya kamati. Wiener Blut ulipita kwa sababu kila mtu anajua yule baba ni nani na dunia ilimhukumu vipi; msikilizaji anaingia na laana yake mfukoni. Ich tu dir weh haumpi msaada huo, hautoi jina wala mahakama, wala mwisho ambapo mkosaji analipa. Kamati ikauchukulia ukimya huo kana kwamba ni idhini. Ukifuata mantiki hiyo, msanii ataruhusiwa kuonyesha uovu akiwa ameubandika kwanza lebo ya kuulaani, na sehemu kubwa ya fasihi ya Ulaya haitapita mlangoni.

Na hawa si watu wa kupuuza habari za kamati. Wanamuziki wote sita walikulia Ujerumani Mashariki, ambako bendi ya vijana ilipaswa kupiga mbele ya jopo la wakaguzi ili ipewe kibali cha kupanda jukwaani. Paul Landers na Flake, mpiga kinanda, walipitia hayo miaka ya 1980 wakiwa na bendi ya punk ya Feeling B. Unaweza kuelewa kwa nini watu wa namna hiyo wakiona mstari huwa wanauvuka kwanza, kuuliza baadaye.

Hata hivyo sitaki kuwalilia sana. Septemba 2009, mwezi mmoja kabla ya albamu, walitoa video ya wimbo Pussy iliyoongozwa na Jonas Åkerlund, yenye matukio ya ngono yasiyofichwa, na walichagua kuizindua kwenye tovuti ya watu wazima. Wimbo huo ukawa wa kwanza wao kufika namba moja katika chati ya nyimbo za Ujerumani. Huwezi kuitangaza kazi yako kwenye tovuti ya ngono Septemba, kisha Novemba ukashangaa kwamba wizara inayoshughulikia watoto imefungua jalada. Kwa Feeling B, kuvuka mstari kulikuwa na gharama inayoumiza. Mwaka 2009 kuvuka mstari kulikuwa sehemu ya mpango wa mauzo, na mpango ulifanya kazi: albamu ilikaa sokoni bila kizuizi kwa wiki karibu nne za mwanzo, ambazo ndizo wiki zenye pesa, halafu ikapata umaarufu wa kufungiwa. Toleo lisilo na Ich tu dir weh lilitolewa mwezi huohuo ili biashara iendelee.

Ziara yenyewe ilileta ushahidi wa pande zote mbili, na naona ajabu kwamba hautajwi mara nyingi. Jukwaani, Ich tu dir weh uligeuzwa kuwa kichekesho cha kikatili. Anayeteswa si mwanamke bali ni Flake, mwembamba, mwenye miwani, ambaye ziara nzima alipiga kinanda huku akitembea kwenye mkanda wa mazoezi. Anatupwa kwenye beseni la kuogea, Lindemann anainuliwa juu kwa jukwaa dogo na kummwagia mvua ya cheche, kisha Flake anatoka mzima, amevaa suti inayometameta. Aliyeona hilo hawezi kusema bendi inauza mafunzo ya kutesa wanawake. Kwenye Wiener Blut wanasesere waliteremshwa wakining'inia gizani, na ukumbi mzima ukabadilika. Halafu ikaja Pussy, na Lindemann akapanda juu ya mzinga wenye umbo unalolikisia, akaumwagia umati povu jeupe. Wengi walicheka. Mimi naona hapo sanaa ya kuvaa nafsi ya mwingine ilikwisha: hakuna mhusika, hakuna kisa, ni mwanamume tajiri anayechezea mzaha wake mwenyewe mbele ya maelfu. Si kosa la jinai, ni uvivu tu.

Machi 2010 ziara ilifika Minsk, Belarus, ambako baraza la maadili ya umma lilitaka onyesho lisifanyike. Malalamiko yalichanganya ukatili, ushoga na usalama wa taifa katika sentensi moja. Onyesho likafanyika. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha vyema kwamba Bonn, pamoja na makosa yake, palikuwa na utaratibu wa kuandika sababu, na sababu zikishaandikwa zinaweza kupingwa.

Nazo zikapingwa. Mwishoni mwa Mei 2010 Mahakama ya Utawala ya Köln ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi, na Juni albamu ikaondolewa kwenye orodha na kurudi madukani ikiwa kamili. Oktoba 2011 mahakama hiyohiyo ikatamka kwamba kuorodheshwa kwake hakukuwa halali. Mwaka 2016 bendi ikaidai serikali ya shirikisho fidia ya euro 66,000 hivi kwa nakala zilizoharibiwa au kuzuiwa, kiasi kinachoonyesha kwamba hasara yenyewe haikuwa ya kuwafilisi.

Lakini mahakama haikusema wimbo hauna madhara kwa mtoto. Ilichosema ni kwamba kamati haikuupa uhuru wa sanaa uzito unaostahili ilipoupima dhidi ya ulinzi wa vijana, upimaji uleule uliodaiwa na hukumu ya 1990. Mashabiki wameisoma hukumu hiyo kana kwamba bendi imepewa cheti cha usafi, na wapinzani kana kwamba ni hila ya mawakili. Kwangu kupima ndiyo kazi yenyewe. Kamati isiyopima haijafanya kazi yake hata kama mwishowe ingefikia jibu lilelile.

Mwaka 2023 mjadala ulirudi kwa sura nyingine. Wanawake kadhaa walimtuhumu Lindemann kuhusu namna wasichana walivyochaguliwa kusimama mbele ya jukwaa na kualikwa kwenye sherehe za bendi. Alikanusha kupitia mawakili wake, na Agosti mwaka huo waendesha mashtaka wa Berlin waliufunga uchunguzi kwa kukosa ushahidi wa kutosha wa kumshtaki. Papo hapo watu walirudi kwenye mashairi ya zamani wakitafuta maungamo. Hiyo ni njia mbaya ya kutafuta ukweli: kama mstari wa wimbo ni ushahidi, basi Lindemann amekiri pia kula watu. Tuhuma za mtu hai huchunguzwa kwa mashahidi.

Ningekuwa mmoja wa wale 12 mwaka 2009, ningepinga kuorodheshwa kwa albamu kwa sababu ya Ich tu dir weh. Kuhusu ile picha ningeomba kikao kingine. Wimbo una msimulizi, na msikilizaji anaweza kumkataa. Picha haina msimulizi: ni Kruspe mwenyewe, kwa sura yake, na mwanamke asiye na jina, ndani ya kijitabu ambacho mtoto angekifungua kabla ya kusikia hata noti moja. Sina uhakika kwamba ningepiga kura ya kuizuia, ila hapo ndipo ningetaka mabishano yaanzie.